Mkono wa Mzee Songoro

Jumatatu, 1 Januari 1934

Mwaka mpya wa Wazungu. Klabuni kwao wamepiga muziki na kuimba mpaka jogoo wetu akachanganyikiwa, akawika mapema kabisa. Shangazi Zeituni akaamka akapika daku, tukala, tukarudi kulala. Kulipokucha kweli, njaa ilikuwa imeshaniuma. Nimefunga siku ndefu kuliko Waislamu wote wa Kisumu. Si mwanzo mzuri.

Naandika haya ili siku nikiwa mashuhuri watu wajue nilikotoka. Mimi ni Badru bin Feruzi, mchoraji wa gazeti la Sauti ya Gati, linalotoka kila Ijumaa kwenye mtambo wa Bwana Natwarlal, nyuma ya maduka ya nguo. Nachora picha, naichonga kwenye kibao cha mvule, Natwarlal anapaka wino na kupiga chapa. Watu wanaona, wanacheka. Chini ya kila picha natia kiroboto mmoja, ndiyo sahihi yangu. Sasa mji mzima unaniita Kiroboto, hata imamu. Shangazi anasema hiyo si kazi, ni ugonjwa.

Leo Shangazi alikwenda kuniposea Rehma, binti wa Mzee Songoro mwenye hoteli ya chai pale Kaloleni. Rehma! Akipita na birika la chai, mimi husahau kiti kiko wapi. Shangazi amerudi amekunja uso. Mzee hajakubali, hajakataa. Atajibu siku ya Idi. Lakini ana hasira nami. Mwezi uliopita nilimchora amesimama mlangoni mwa hoteli yake, na sikumtia mikono. Amemwuliza Shangazi: kwani yeye ni mwizi, amekatwa mikono? Shangazi anasema alitetemeka alipouliza hivyo. Kwa picha tu!

Hapa niseme ukweli, maana Twaha hataisoma shajara hii. Mikono siwezi kuchora. Pua naweza. Matumbo naweza, tumbo langu halina mfano kuanzia hapa mpaka Nairobi. Mikono hapana. Ndiyo maana watu wangu wote wametia mikono mifukoni, au wameificha nyuma. Hata yule bondia niliyemchora mwezi wa nane, mikono yake ilikuwa nyuma. Alishinda hivyohivyo.

Huyo Twaha ni karani wa gati. Anaandika vichekesho kwenye ukurasa uleule wa picha zangu, vichekesho vya enzi za babu yake. Kanzu yake hupigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukata mkate. Naye amepeleka posa kwa Rehma. Na mikono anayo, mizuri, mirefu, anaipungapunga akisema.

Basi vizuri. Nitajifunza mikono.

Jumanne, 2 Januari

Nimeanza asubuhi. Mkono wa kulia umeshika penseli, kwa hiyo nimechora wa kushoto. Shangazi amepita nyuma yangu, akasema mihogo hiyo imestawi. Nikamwambia ni vidole. Akasema basi mwenye navyo apelekwe hospitali.

Nimekwenda sokoni kutazama mikono ya watu. Mama mmoja anapara ngege, vidole vinakwenda mbio, magamba yanaruka. Nikachuchumaa mbele yake, nikatoa karatasi. Akauliza nataka samaki yupi. Nikasema sitaki samaki, naangalia mkono wako tu. Lo! Akamwita mumewe. Mtu mwenyewe mlango mzima, na kasia begani. Nikamweleza kwamba mimi ndiye Kiroboto wa gazeti. Akasema kiroboto kwao huuawa kwa kucha.

Nimenunua ngege wawili ili kuleta amani. Nimewabeba juani mpaka nyumbani, na saumu yangu, na paka watatu nyuma. Mmoja alikuwa wa Twaha. Namjua kwa mkia.

Jioni nikamwomba Ouko aninyoshee mkono. Ouko ndiye anayezungusha gurudumu la mtambo, tangu mimi sijaota ndevu. Akaunyosha, akatulia. Nilipomaliza akaiangalia karatasi, akauliza, omera, ndugu yangu, huu ni mkono wangu ama ni ramani ya ziwa?

Sijali. Baada ya magharibi nimepata mkono mmoja safi. Vidole vitano. Nimevihesabu, Shangazi pia amevihesabu. Mungu mkubwa.

Jumatano, 3 Januari

Mpango umekuja wenyewe, wakati wa kufuturu.

Kila jioni ya Ramadhani Mzee Songoro anafuturisha wapagazi wa gati. Mkeka mrefu mbele ya hoteli, uji, tende, viazi vitamu, samaki. Sisi wengine hujipenyeza. Yeye mwenyewe hali mbele ya watu. Anasimama tu, anahimiza kuleni, kuleni, na wageni wakishiba ndipo anaingia nyuma ya pazia anakula peke yake. Watu wanasema, unyenyekevu huo! Hata salamu hampi mtu mkono. Mkono wa kulia huuacha ndani ya kanzu, anagusa kifua kwa kanzu yenyewe, anainama. Watu wanasema, adabu ya watu wa zamani hiyo!

Mimi nasema unyenyekevu ukizidi haupendezi kwenye picha. Nitamchora anakula. Ameketi katikati ya wapagazi, ameinua mkono wa kulia, vidole vyote vitano, na tende juu. Mkono nitaufanya mkubwa kuliko kichwa, asije akasema tena kwamba haukuonekana. Chini Natwarlal apange maneno kwa herufi zake: Mzee Songoro, Baba wa Wapagazi, Akifuturu na Wageni Wake. Baba mkwe gani atakataa?

Nimechonga mchana kutwa. Nimejikata kidole gumba. Damu imeingia kwenye kibao. Natwarlal amesema nifute, damu haichapi vizuri.

Ijumaa, 5 Januari

Yarabi! Yarabi!

Gazeti limetoka. Nakala ya kwanza nimeichukua mimi. Nimekitazama kile kidole gumba muda mrefu. Sijawahi kuchonga kitu kama kile. Nikaenda nalo msikitini, nikaligawa mlangoni. Muuza mkaa akalitazama, akacheka, akaziba mdomo. Wa pili akaziba mdomo kabla ya kucheka. Nikadhani ni mshangao wa sanaa.

Twaha akafika. Akalinyanyua juu wote waone. Akasema kwa sauti, mashallah, Kiroboto amemlisha mzee wetu kwa mkono wa kushoto, tena katika mwezi mtukufu.

Nikatazama. Kushoto! Wallahi mimi nilichonga kulia! Mkono umehama!

Nimekimbia hadi kwa Natwarlal na kiatu kimoja, kingine kimebaki msikitini. Natwarlal amenieleza taratibu kama anayemweleza ng'ombe. Kibao ni muhuri. Kilicho kulia kwenye kibao hutoka kushoto kwenye karatasi. Ndivyo muhuri wa posta ulivyo, ndivyo muhuri wa kila mtu ulivyo. Nikauliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema alidhani najua, maana ndiyo kazi yangu.

Ningejuaje? Pua ikielekea ziwani au ikielekea stesheni ni pua ileile. Tumbo halina kulia wala kushoto. Mkono ndiyo kwanza nimechora!

Nikamsihi asipige mengine. Akasema hapana, amefurahi sana, nakala zimekwisha zote, watu wanapanga foleni. Ouko alicheka mpaka akalazimika kuliachia gurudumu.

Shangazi hajanipa uji. Amesema wenzangu wanatumia Ramadhani kutafuta thawabu, mimi natafuta laana na picha yake.

Jumamosi, 6 Januari

Mzee Songoro ameniita. Nimevaa kofia mpya ili nikipigwa nipigwe kwa heshima.

Hakunipiga. Jambo la ajabu sana. Alifunga mlango. Akafunga dirisha. Akachungulia kama dirisha limefungika. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, nani amekuambia?

Nikamjibu hakuna aliyeniambia, nimeona kwa jicho langu mwenyewe, sisi wachoraji tunaona yasiyoonekana. Mzee akabadilika rangi. Sanaa inapoingia moyoni huwa hivyo. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema wote wanajua, Sauti ya Gati linasomwa mpaka Maseno, na meli imebeba nakala kwenda ng'ambo ya ziwa. Akakaa. Kiti hakikuwapo. Palikuwa na sufuria.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Ijumaa ijayo namchora upya, kwa mkono wa kulia. Akasema, mwanangu, acha. Nikasema siwezi kuacha, ni wajibu. Akasema, nakuomba kwa Mungu, Badru, acha mikono yangu. Nikamsaidia kutoka kwenye sufuria.

Mzee wa watu mwenye haya kweli! Hataki hata kusafishiwa jina.

Nilipotoka, Twaha alikuwa barazani anawasimulia wateja kichekesho kuhusu mtu wa mkono wa kushoto. Kichekesho ni cha zamani, watu wamecheka upya. Hicho kicheko ni changu, ameniibia.

Jumatatu, 8 Januari

Rehma ameleta ujumbe kwa Shangazi, tena kaja mwenyewe wakati wa futari na bakuli la kaimati. Amesema: mwambie Kiroboto asimchore baba yangu tena. Shangazi ameniambia mara tatu, na mara ya tatu alinishika sikio.

Nimeufikiria sana ujumbe huu. Binti mwenye adabu hawezi kusema mchore. Atasema usimchore. Tena na kaimati! Tamu, za moto. Nani anakataza kwa kaimati?

Nimeanza kuchonga.

Safari hii nimetumia akili. Nimeazima kioo cha Shangazi. Ninachora kulia, natazama kiooni, nachonga kinachoonekana kiooni. Mara nyingine nasahau niko upande gani, nimejikata tena. Kioo kimepasuka kidogo pembeni. Shangazi hajui bado.

Jumatano, 10 Januari

Kibao kimekamilika. Mkono wa kulia uko kulia. Nimekipiga chapa ya majaribio kwa masizi ya sufuria, nimekikagua, Ouko amekikagua, akasema yawa, leo ni wa kulia kweli.

Ila picha ilikuwa na uwazi mkubwa juu. Mbingu tupu. Mchoraji wa kweli haachi mbingu tupu. Nimeweka jua. Jua kubwa, na miali yake, juu ya utosi wa Mzee Songoro. Linapendeza mno.

Ijumaa, 12 Januari

Ole wangu.

Kwanza vidudu vya ziwani. Alfajiri vimeinuka juu ya maji kama moshi, upepo ukavileta mjini, na Natwarlal alikuwa ameacha mlango wazi ili wino ukauke. Vimeingia vyote. Vimeganda kwenye wino. Kila nakala Mzee Songoro ametoka na madoa meusi uso mzima. Natwarlal amekataa kutupa karatasi. Amesema madoa ni sawa kwa kila mtu, hakuna mteja aliyeonewa.

Madoa ningeyavumilia. Nikaenda msikitini na viatu vyote viwili. Nikatangaza, jamani, tazameni, mkono wa kulia! Wakatazama. Wakakubali ni wa kulia. Kisha muuza mkaa akauliza, na hilo ni nini hapo juu?

Jua, nikasema.

Twaha akasema polepole, akilionja kila neno: kwa hiyo mzee wetu anakula tende mchana wa Ramadhani.

Nikasema ni jua la magharibi, linazama! Wakasema jua la hapa huzamia ziwani, hili liko utosini. Nikasema basi ni mwezi. Wakasema mwezi gani una miali? Nikasema msinitie maneno mdomoni. Nikaondoka. Kofia imebaki.

Alasiri Bwana Afya alikuja hotelini na gazeti mkononi. Ameyaona madoa, amedhani ni ndui. Amemkagua Mzee ulimi, amemwaga dawa barazani, wateja wamekimbia na vikombe.

Usalama wangu uko chini ya kitanda. Naandika hapahapa.

Jumamosi, 13 Januari

Sikuwa na mpango wa kwenda hotelini. Shangazi alinivuta kwa kola.

Twaha alikuwa amewazungukia wazee wa mji. Hoja yake ilikuwa hii: moshi hautoki pasipo moto. Picha ya kwanza Mzee anakula kwa kushoto, ya pili anakula mchana. Na nani amewahi kumwona akila? Hakuna. Anafanya nini nyuma ya pazia? Basi na afuturu mbele ya watu, tuone.

Mji wote ulikuja. Wapagazi wamekaa kwenye mkeka, wazee mbele, Wahindi wa madukani wamesimama ng'ambo ya njia, Natwarlal katikati yao na kiti chake mwenyewe. Imamu amekaa karibu na bakuli kubwa la uji. Twaha amejiweka ubavuni kwa Mzee ili aone vizuri, kanzu nyeupe, pasi mpya. Rehma alikuwa mlangoni, ameushika upindo wa pazia. Alinitazama mara moja tu. Hakuwa na kaimati.

Adhana ikalia. Watu wote wakamtazama Mzee Songoro. Hata tende hawakuzigusa.

Mzee alikaa. Akainamisha kichwa. Kisha akautoa mkono wa kulia kwenye kanzu, na mimi nasema hivi, Kisumu nzima ndiyo kwanza iliuona. Vidole vimekunjika kuelekea kiganjani, vimekauka, havifunguki. Akaitia tende katikati yake kwa nguvu. Ikafika kidevuni. Ikaanguka. Akajaribu tena. Ikaanguka ndani ya bakuli la uji, chubwi! Uji wote ukaruka kwenye kanzu ya Twaha, kifuani mpaka magotini. Hakuna aliyecheka. Mimi nilianza, Shangazi akanikanyaga.

Mzee akasema. Sauti ilikuwa ndogo ikabidi watu wasogee. Amesema alikuja na reli, kijana, mpagazi kama hawa. Siku moja gatini kreti la mashine liliteleza likamkandamiza mkono. Mji ulikuwa mgeni, kila mtu hamjui mwenzake. Akaogopa watakaouona mkono watasema huyu ni mwizi aliyeadhibiwa kwao, amekimbilia huku. Nani angenunua chai kwa mwizi? Akauficha. Marehemu mkewe alijua, na Rehma anajua. Miaka yote anakula kwa kushoto nyuma ya pazia na kumwomba Mungu msamaha. Halafu huyu Kiroboto akamchora hana mikono. Halafu akamchora kwa kushoto. Alidhani namtesa kidogokidogo, kama paka na panya.

Mimi! Machozi yalinitoka. Sijui yalikuwa ya nini, lakini yalitoka.

Imamu akachukua tende nyingine, akaiweka kwenye mkono wa kushoto wa Mzee. Akasema mwenye udhuru hana lawama, kula, ndugu yangu, sisi ndio tumekuchelewesha. Mpagazi mmoja mzee akainua mkono wake, hauna kidole cha mwisho. Gatini, akasema. Wa pili akafunua goti. Gatini. Wa tatu, bega. Kila mtu alikuwa na alama yake. Ouko naye akaonyesha kidole kilichobanwa na mtambo. Nikaonyesha na mimi kidole changu gumba nilichojikata. Hakuna aliyetazama.

Mzee Songoro akala. Alikula kwa kushoto mbele ya mji wote, akala tende, akala samaki, akala viazi, mpaka wapagazi wakaanza wao kumhimiza kwa maneno yake, kuleni, kuleni. Rehma aliling'oa pazia na kamba yake. Akalikunja, akampa Twaha ajifutie uji.

Nilikuwa nautazama ule mkono wa kulia. Vidole vimejikunja vyote pamoja, ngumi ndogo, huna haja ya kuvichora kimoja kimoja. Maisha yangu yote sijaona mkono rahisi kama ule.

Jumatano, 17 Januari. Idi!

Idi mubarak! Nimevaa kanzu mpya. Kofia yangu nimerudishiwa na muuza mkaa, imejaa vumbi la mkaa, nimeivaa hivyohivyo.

Jibu limekuja. Mzee Songoro amekubali! Amekubali! Shangazi amepiga vigelegele mpaka jogoo akatoroka. Mzee amemwambia hivi: huyo kijana ni mpumbavu, lakini bila upumbavu wake ningekufa nyuma ya pazia. Leo amesali Idi na kuwasalimu watu kwa mkono wa kulia uleule, nje kabisa, na watu wameushika kwa mikono miwili. Hoteli imejaa. Nilijua tangu mwanzo kwamba picha zangu zitamsaidia, ila watu hawapendi kuamini.

Harusi ni Jumapili hii. Twaha amefuta posa yake, kisha amesikia watu wanamcheka, ameirudisha, iko mlangoni inangoja nikosee. Atangoja sana.

Mahari ametaja Rehma mwenyewe, ni haki yake. Shangazi alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Rehma hakutaka fedha, hakutaka shuka wala bangili. Ametaka patasi yangu ya kuchongea. Niiweke mkononi mwake kabla ya nikaha, mbele ya mashahidi. Tena ameongeza: akimchora baba yangu hata mara moja kabla ya hapo, hata ukucha, nakwenda kwa Twaha na kanzu yake ya uji.

Patasi! Nimekaa chini. Shangazi akasema mwanamke mwenye akili kama huyo sitampata tena, nikubali kabla hajabadilisha mawazo. Nimekubali. Nimeapa. Nampenda Rehma kuliko patasi. Nimesema hivyo mbele ya imamu na nilimaanisha kila neno.

Alhamisi, 18 Januari

Nimelala nikafikiri, nimeamka nikafikiri. Ninaona hivi.

Mahari inakabidhiwa Jumapili. Leo ni Alhamisi. Kwa hiyo patasi bado ni yangu, kisheria kabisa. Na gazeti linatoka kesho. Mtu anaoa binti wa watu, gazeti la mjini linatoka siku mbili kabla, na ndani hamna hata picha moja ya baba mkwe? Watu watasemaje? Watasema Kiroboto hana shukrani.

Nimechonga tangu alfajiri. Ni zawadi ya harusi. Rehma hajui, ndiyo raha ya zawadi. Lile alilosema kuhusu Twaha ni utani wa maharusi, Shangazi naye huwa anasema atanitia chunguni na hajanitia bado.

Na makosa ya zamani sirudii. Jua nimeliondoa, mahali pake nimeweka bendera. Mlango wa mtambo nimeufunga mwenyewe, na nyufa nimeziba kwa matambara, kidudu hakipiti. Patasi ikinitoka Jumapili, Shangazi ana kisu kizuri cha jikoni.

Natwarlal amekitazama kibao, amenitazama mimi, ameuliza kama nina hakika. Nimemwambia sijawahi kuwa na hakika hivi. Nani sasa ataweza kuuliza ni kulia au ni kushoto? Nimemchora Mzee Songoro katikati ya mkeka, mikono mikubwa, tende kila upande, anakula kwa mikono yote miwili.